Bwana Shamba na Vidio Isiyo na Sauti

Bwana Shamba hakuwahi kugusa mashine kabla ya kuitazama kwanza. Alivuta kiti, akakaa mbele yake mikono ikiwa magotini, akafuatilia kwa macho waya zinakotoka na zinakoingia, kisha akauliza swali lake la kwanza, ambalo lilikuwa lile lile siku zote: "Imeanza kukataa lini, na kabla haijakataa mlikuwa mnafanya nini?" Aliuliza hivyo kuhusu mahindi yaliyogeuka manjano na kuhusu ng'ombe waliogoma kula. Baadaye, alipostaafu na mwanawe akamletea mashine ya gemu kutoka Marekani, aliuliza hivyo hivyo kuhusu vidio zilizokataa kuonekana kwenye runinga.

Nilimjua nikiwa msichana Kitale, nilipokuwa nafanya kazi katika studio ndogo ya picha karibu na soko. Tulipiga picha za pasipoti, na siku za Jumamosi mimi ndiye niliyebeba kamera ya vidio kwenda harusini na mazishini. Yeye alikuwa afisa wa kilimo. Kuanzia Endebess mpaka Saboti watu walimwita Bwana Shamba, na hata waliojua jina lake walilisahau kwa kutolitumia. Wateja wengine walileta filamu za sherehe ili tuwasafishie picha. Yeye alileta picha za majani yenye madoa na mizizi iliyoliwa na wadudu, na mara moja ukwato wa ng'ombe uliojaza picha nzima. Siku hiyo nilimuuliza kama hakuwa na picha hata moja ya watoto wake. Alifikiri kidogo, akanijibu kwamba watoto wako sawa, hawana ugonjwa.

Alikuwa mrefu, shingo imeinama kidogo kwa miaka ya kutazama chini. Alivaa gambuti kila mahali. Za Jumapili zilikuwa tofauti na za kazi, alizipiga brashi mpaka zikang'aa, na akazivaa kanisani na suruali yenye mkunjo mkali wa pasi. Akiingia mahali aliwasalimu watu wote kwa mkono, mmoja mmoja, hata kama amekuja kuuliza jambo dogo na gari linamngoja nje. Chai aliinywa bila sukari. Alisema sukari ni ya watu ambao maziwa yao ni mabaya, na alisema hivyo hata mbele ya mwenye nyumba.

Alikuwa na maneno yake machache ambayo aliyarudia mpaka wakulima wakawa wanayasema kabla yake. Mkulima akija mbio na chupa ya dawa ya kunyunyizia, alimwambia asipige dawa kabla hajajua ugonjwa. Mtu akianza kumweleza shida kutoka katikati, alimkatiza kwa upole, "Hapana, tuanze kwa mizizi." Kwa mtu ambaye hakumjua ilichosha. Nimeona wakulima wakitazamana wakati Bwana Shamba anachuchumaa kwenye mtaro wa shamba na kuchimbua mche mmoja taratibu kama mtu anayemvua mtoto soksi. Lakini akishasimama alikuwa anajua, na akishasema kwamba anajua hakuna aliyebisha.

Shamba lake mwenyewe lilikuwa kichekesho. Mtu aliyewafundisha watu wa milimani kupanda kwa mistari alikuwa na maharagwe yaliyoota popote yalipoanguka, na magugu yalifika magotini. Mkewe, Mama Nafula, ndiye aliyelima kiasi kilicholimwa. Wageni walipokuja nyumbani kwao alipenda kuwapitisha upande wa shamba kwanza, awaonyeshe bila kusema neno, halafu awalete ndani mzee awape ushauri wa kilimo. Bwana Shamba hakukasirika. Alisema daktari hajitibu, akabadilisha mazungumzo.

Alipostaafu walirudi nyumbani kwao upande wa Bungoma, si mbali na Lugulu, na huko ndiko mashine ya gemu ilikomkuta. Mwanawe alikuwa amemwambia kwa simu kwamba haitamlazimu kununua deki nyingine, kwa sababu mashine hii inacheza kila kitu: diski, nyimbo, picha, hata vidio zilizo kwenye flashi. Hakutaja gemu. Bwana Shamba aliamini amepokea kifaa cha kuonyesha vidio, na akapanga kuwaonyesha majirani vidio za mafunzo ya kutengeneza chakula cha ng'ombe cha kiangazi.

Alinipigia simu siku ya pili. Sauti yake ilikuwa tulivu, ila alisema nikipata nafasi nipite, kwa sababu watu wote ndani ya TV wamekuwa rangi ya majivu.

Nilienda mwisho wa wiki. Runinga yao ilikuwa ile ya zamani yenye mgongo mkubwa nyuma, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mashine nyeusi ilikuwa imekaa juu ya kitambaa kingine kama mgeni wa heshima. Alikuwa ameshafanya kazi yake ya mizizi. Alikuwa ameangalia umeme, akaangalia nyaya zile tatu, ya manjano, nyekundu na nyeupe, akahakikisha kila moja iko kwenye tundu la rangi yake. Picha ilikuja, sauti ilikuja, lakini rangi hakuna. Aliniambia shida si waya, kwa sababu waya ukiwa mbovu picha ingetetemeka. Nilikubaliana naye. Mashine ilikuwa imetoka nchi ambayo runinga zake hupokea rangi kwa mfumo mwingine, na runinga yake ilikuwa imewekwa kwa mfumo wa huku kwetu. Nilichukua rimoti, nikatafuta ndani ya menyu ya runinga mahali pa mfumo wa rangi, nikaichagulia itambue mfumo yenyewe. Rangi zikaingia mara moja. Bwana Shamba alitazama nyasi za kijani kwenye skrini, akaitikia kwa kichwa.

"Ilikuwa kwa TV," alisema. "Mgeni hakuwa na makosa."

Tangu siku hiyo akaniita Fundi, ingawa mimi nilikuwa mpiga picha tu ambaye alikuwa amejifunza mambo hayo kwa kuhangaika nayo kazini. Na akawa ananiita mara kwa mara. Wakati mmoja skrini ilikuwa nyeusi kabisa, kumbe mtu alikuwa amebonyeza rimoti runinga ikahamia tundu lingine. Wakati mwingine watu wote kwenye vidio walikuwa wamekonda na kurefuka. Mama Nafula alikuwa akitazama kipindi cha mapishi na aliniuliza kwa huruma kama huko kwao wanapika tu bila kula. Mashine ilikuwa inatuma picha pana kwa runinga isiyo pana, na nilipoibadilisha watu wakanenepa mbele ya macho yetu. Mama Nafula aliridhika. Alisema sasa anaweza kuamini hayo mapishi.

Msimu wa kupukuchua mahindi ulipofika, Bwana Shamba alihifadhi magunia sebuleni kwa sababu ghala lilikuwa linavuja. Vumbi likaingia kwenye mashine, na jicho lake la kusoma diski likafa. Tangu hapo mashine ilisoma flashi tu. Yeye alisema "frashi", na mimi nikawa nasema hivyo nikiwa kwao.

Kuhusu gemu kuna jambo moja ambalo lazima nilisimulie. Alikuwa mzee wa kanisa, na kulikuwa na Jumapili aliyosimama akawasema vijana wanaopoteza mchana mzima kwenye vibanda vya gemu mjini. Alisema polepole, bila ukali, na wazazi walimshukuru. Wiki hiyo hiyo nilipita kwao nikitoka kurekodi mahari upande wa Webuye. Kutoka kwenye lango nilisikia kelele za uwanja wa mpira. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kochi, gambuti miguuni, ameshika kile kidude cha kuchezea kwa mikono yote miwili, timu yake imefungwa mabao mengi. Hakushtuka. Alikiweka mezani kwa adabu na kuniambia alikuwa anaangalia tu kama vibonyezo vinafanya kazi.

"Vimefanya kazi tangu tumalize kula," Mama Nafula akasema kutoka jikoni.

Alinikaribisha chai. Hatukulizungumza tena. Lakini nilimwona akitupa jicho kwenye skrini, kule wachezaji wake walikosimama wakingoja.

Hao wawili walikuwa wanapendana kwa namna ya watu wasiosema. Mama Nafula ndiye mwenye maneno katika nyumba ile, mumewe ndiye mwenye kunyamaza, na kila mmoja aliridhika na fungu lake. Ndiyo maana ilipotokea kwamba Mama Nafula amenyamaza, nyumba nzima ilihisi.

Ilikuwa hivi. Nafula, binti yao wa pekee, alikuwa anaolewa na mwalimu kijana wa Saboti. Harusi ilipangwa kufanyika kule kwa kina bwana harusi. Wiki ya harusi, mvua ilikuwa imenyesha, na Mama Nafula akateleza uani akiwa amebeba sufuria ya maji moto ya kunyonyolea kuku. Maji hayakumgusa, lakini nyonga ilivunjika. Akapelekwa hospitali ya misheni pale Lugulu, akafanyiwa upasuaji, akalazwa.

Bwana Shamba alifanya kama alivyozoea kufanya. Aliuliza kila mtu. Aliwauliza wakwe kama harusi inaweza kusogezwa, akaambiwa ng'ombe ameshachinjwa na jamaa wameshafika kutoka mbali. Alimuuliza mchungaji. Alimuuliza Nafula, ambaye alilia na kusema chochote baba atakachoamua ni sawa. Kisha akaamua harusi iendelee. Mtu mmoja hakumuuliza. Mama Nafula alipata habari kutoka kwa jirani aliyekuja kumwona wodini na kumpa pole kwa kukosa harusi ya mtoto wake. Alimshukuru jirani. Baadaye mumewe alipofika na kumweleza, alisema sawa, akageuza uso upande wa dirisha.

Mimi ndiye niliyerekodi harusi ile. Asubuhi, kabla hatujaingia kanisani, Bwana Shamba alikuja nilipokuwa nafunga kamera kwenye miguu yake. Alikuwa amevaa suti na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, viatu vya ngozi. Vilimbana na alitembea kama mtu aliye juu ya kokoto. Akaniomba nisiache kitu. Nipige sufuria, nipige watu wakila, nipige hata watoto wanaolala chini ya meza.

"Kuna mtu hayuko," alisema. "Yeye atauliza vitu ambavyo sisi hatutaangalia."

Basi nikapiga kila kitu. Na wakati wa zawadi, wanawake wa upande wa bibi harusi walipotakiwa kuingia wakicheza, mama wa bibi harusi akiwa mbele, kukawa na kusitasita. Shangazi mmoja alijitokeza kushika nafasi ile. Bwana Shamba akamzuia kwa mkono. Alitoa leso kutoka mfuko wa koti, leso ya mkewe, kanga ya maua makubwa mekundu ambayo kila mtu kijijini aliifahamu, akaitupia begani, akasimama mbele ya wale wanawake. Sijawahi kumwona mtu akicheza vibaya hivyo. Miguu ilikwenda upande mmoja na wimbo upande mwingine, na vile viatu vilikuwa vinamuua. Lakini hakuharakisha. Alicheza mpaka mbele kwa bibi harusi, akamfunika Nafula ile leso mabegani, akarudi kukaa. Watu walipiga vigelegele mpaka sauti ikapasuka kwenye maikrofoni yangu.

Baada ya sherehe aliniuliza kama hicho kipande kinaweza kuondolewa. Nilimwambia alisema nisiache kitu. Akakubali, bila furaha.

Mama Nafula alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa, akitembea kwa kiunzi cha chuma. Bwana Shamba alikuwa amemwahidi kwamba siku akiwa na nguvu za kukaa sebuleni, harusi itamfuata pale pale, kwenye TV kubwa, na majirani wote. Akanipigia kunijulisha siku. Nikatoka Kitale mapema nikiwa na vidio kwenye flashi mpya ya studio.

Nilikuta viti vimepangwa mpaka barazani. Kulikuwa na chai kwenye birika kubwa na mandazi chini ya kitambaa. Mama Nafula alikuwa amewekwa mahali pazuri kuliko wote, mto upande mmoja, nywele zimesukwa. Alinisalimu vizuri. Mumewe alipomsogezea kijimeza cha kikombe alisema asante, na hilo asante lilikuwa na adabu nyingi mno.

Nikachomeka flashi. Mashine haikuiona. Nikaichomoa, nikaichomeka tundu la pili, ikawa vile vile. Bwana Shamba alivuta kiti. Akaniuliza swali lake, na nikalazimika kujibu mbele ya watu kwamba ile flashi haijawahi kufanya kazi kwenye mashine hii, kwa sababu haijawahi kuwekwa. Tukajaribu ile ya zamani ya mafunzo ya ng'ombe, mashine ikaiona mara moja. "Basi mashine ni mzima," alisema. Nikaelewa. Ili ile flashi ibebe vidio ndefu kama ile, nilikuwa nimeiandaa kwenye kompyuta kwa mpangilio ambao mashine za gemu haziufahamu. Na hata ningeuweka mpangilio unaofaa, feili yenyewe ilikuwa kubwa kupita kiasi na ya aina ambayo mashine haisomi.

Nilikuwa na harusi yote kwenye diski ya kubebea ya studio, lakini kompyuta haikuwepo. Nikaomba ruhusa niende mjini Bungoma kwa mwenzangu mwenye saibakafe. Bwana Shamba aliwaambia majirani waendelee na chai.

Kubadilisha vidio kulichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiri. Kompyuta za mwenzangu zilikuwa za zamani, na tulichagua sehemu kubwa tu: kuingia kanisani, viapo, mapishi, kukata keki, zawadi. Niliporudi jua lilikuwa limeinama na majirani walikuwa wameenda kukamua. Viti vilibaki vitupu, mandazi yameisha. Sebuleni walikuwa wao wawili, kila mmoja upande wake, redio imewashwa kwa chini.

Nikachomeka. Feili zikaonekana. Nikafungua ya kwanza, na mlango wa kanisa la Saboti ukajaa kwenye skrini kwa rangi zake zote, Nafula akiwa kizingitini ameshika mkono wa baba yake. Mama Nafula akaegemea mbele.

Sauti haikuwepo.

Nikapandisha sauti ya runinga mpaka mwisho. Nikageuza waya mwekundu na mweupe. Bwana Shamba akaniambia nirudi kwenye menyu ya mashine nitembeze vibonyezo. Nikafanya hivyo, na kila nilipobonyeza mashine ililia vizuri kabisa kwenye spika za runinga.

"Mashine inalia, vidio hailii," alisema. "Basi waya ni sawa, TV ni sawa. Mgonjwa ni vidio."

Alikuwa sahihi. Kule mjini, kwa haraka, nilikuwa nimechagua aina ya sauti ambayo mashine haielewi. Nilijua kosa liko wapi, na nilijua kulirekebisha kungechukua siku nyingine. Nikasimama pale na rimoti mkononi, nikamwambia Mama Nafula pole, nitarudi nayo wiki ijayo ikiwa kamili.

"Wacha hivyo hivyo," Mama Nafula alisema. Hakuwa ananitazama mimi. "Mzee si alikuwa huko. Atanieleza wanaimba nini."

Bwana Shamba alimtazama mkewe. Kisha akahamisha kiti chake, akakileta karibu na chake, upande wa ile nyonga nzima. Nikafungua vidio upya na kukaa nyuma yao.

Alianza vibaya, kama mtu anayesoma ripoti. Hapa tunaingia. Yule ni mchungaji. Lakini Mama Nafula alikuwa na maswali. Nani ameshona ile gauni mikono hivyo? Kwa nini shangazi amekaa nyuma? Huyo mpishi ni wa wapi, mbona anapika amefunga kitambaa kibaya? Akamjibu, na kila jibu likawa refu kuliko lililotangulia. Akamwambia kwamba mchungaji alikohoa katikati ya viapo na bwana harusi akadhani anaulizwa, akajibu ndiyo kabla ya wakati. Alimwambia wali wa wakwe ulikuwa na mawe. Kwaya ilipofungua midomo kwenye skrini alimwimbia wimbo wenyewe, sauti ya chini, ya kukwaruza, beti kwa beti. Nilikuwa nimemfahamu miaka yote ile na sikuwahi kusikia maneno mengi hivyo yakitoka kwake.

Kisha tukafika kwenye zawadi. Wanawake wakajipanga. Bwana Shamba akainuka, akaenda kusimama karibu na runinga kama mtu aliyekumbuka kuangalia waya.

"Toka mbele ya TV," mkewe akasema.

Akatoka. Kwenye skrini, yeye mwenyewe alichomoa ile leso na kuitupia begani. Mama Nafula aliweka mkono mdomoni. Alimtazama akicheza, kimya kabisa, bila ngoma na bila vigelegele, na kimya kile kilifanya miguu ile ionekane mibaya zaidi. Mabega ya Mama Nafula yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kicheko kiliendelea mpaka mumewe alipomfunika Nafula leso, hapo kikakatika.

Vidio ikafika mwisho na skrini ikarudi kwenye orodha ya feili. Hakuna aliyeigusa.

"Ungeniuliza," Mama Nafula alisema.

"Niliogopa utasema tungoje."

"Ningesema mwendelee." Alipangusa macho kwa upande wa kiganja. "Lakini ungeniuliza."

Bwana Shamba alisimama pale katikati ya sebule, mikono ikiwa wazi pembeni. "Nilikosa," alisema.

"Ulikosa. Sasa irudishe pale mwanzo wa kucheza. Na ukae, bana, unanichosha kusimama hivyo."

Niliirudisha. Niliwaachia rimoti, nikaenda kuosha vikombe, na kutoka jikoni nikasikia Mama Nafula anamwuliza mumewe kuhusu kila mwanamke aliyekuwa kwenye ule mstari, jina kwa jina, na yeye anajibu.

Wiki iliyofuata niliwapelekea harusi nzima yenye sauti. Mashine iliisoma bila matata, majirani wakaja tena, wakapiga vigelegele pamoja na vile vya kwenye TV. Lakini Nafula aliniambia baadaye kwamba wakiwa peke yao mama alipenda ile nyingine isiyo na sauti. Ikifika kwenye kwaya alikuwa anapunguza sauti hata ya ile nzuri, akangoja mzee aimbe.

Nilihama Kitale mwisho mwisho wa miaka ile na kufungua studio yangu mwenyewe Bungoma. Bwana Shamba alikuja kuitazama. Alisalimia kila mtu, hata mteja aliyekuwa amekaa tayari kupigwa picha, akaniambia mlango umewekwa mahali pazuri. Baada ya hapo tulionana kwa nadra, sokoni au mazishini, kila mmoja akiwa na shughuli zake.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa utulivu ilikuwa Lugulu. Mama yangu alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji asubuhi, uvimbe tumboni, na mimi nilikuwa kwenye benchi la nje peke yangu, kwa kuwa ndugu zangu walikuwa bado njiani. Bwana Shamba alitokea upande wa dawa akiwa na mfuko wake wa vidonge vya presha. Alikuwa amepungua mwili na kofia ilimkaa kubwa. Aliniona, akaja, akaketi. Sikuwa na nguvu ya kueleza mengi. Nilimwambia tu ni mama, yuko ndani.

Hakuniambia nisiwe na wasiwasi. Alinieleza habari za nyumbani, kwamba Mama Nafula sasa anatembea na bakora na anaitumia zaidi kuwafukuzia kuku kuliko kutembelea, kwamba wamepata mjukuu wa pili, kwamba ng'ombe wao mmoja amezaa ndama jike na amekuwa mkali. Aliongea polepole na mimi niliitikia bila kusikia nusu yake. Nilimkumbusha kwamba gari lake la kurudi litamwacha. Akasema yatakuja mengine.

Muuguzi alipotoka na kuita jina langu, nilisimama. Bwana Shamba aliinuka nami, akanishika kiwiko. Kisha akanyoosha mkono, akachukua mkoba wangu begani.

"Nenda uone mama," alisema. "Niko hapa."

Uvimbe ulikuwa umetoka wote. Mama alikuwa amelala, mdomo umekauka, lakini aliponisikia alifungua macho na kuniuliza kama nimekula. Nilikaa naye mpaka walipomhamishia wodini, na nilipotoka nje kivuli cha jengo kilikuwa kimevuka uwanja wote. Bwana Shamba alikuwa bado kwenye benchi lile lile, mkoba wangu wa kike umewekwa magotini na mikono yote miwili juu yake, akimweleza mama mmoja asiyemjua jinsi ya kumwachisha ndama kunyonya bila kumtesa. Aliinua macho akanitazama usoni. Alipoona alichokuwa anatafuta, alisogea kunipa nafasi ya kukaa, akamgeukia yule mama, akaendelea na ndama wake.